Pipa la Babu Kalisti

Paska, upo? Usimwambie mtu. Nimeaibika hata chakula hakipiti.

Si unajua ninavyojisifu kwamba babu Kalisti ndiye aliyewawekea watu maji sokoni Kharumwa? Leo bibi kasema yote.

Ilikuwa 1954, babu anatunza stoo ya petroli mgodini. Akabeba pipa tupu la ile dawa ya kuchanganya kwenye petroli, yenye sumu ya madini ya risasi. Lilichorwa fuvu, Paska. FUVU! Akalisugua kwa majivu na mchanga siku tatu, akaingiza pua, akasema, "Halinuki tena."

Halinuki tena! Basi.

Wanawake wakalijaza maji, soko zima likanywa. Akapigiwa vigelegele.

Wiki haijaisha, watoto wakaanza kutapika na kuweweseka. Babu akalitoboa pipa, akawaambia watu limeliwa na kutu.

Nikamuuliza bibi, "Na nyie nyumbani, mbona hamkuugua?"

Akainama, akawa anakunjakunja kanga yake.

"Ng'wana wane, mwanangu, sisi alitukataza tangu siku ya kwanza. Tulikuwa tunachota kisimani."