Vitufe vitatu vya juu

Jumanne, Masaki

Kumbe vilikuwa vinalia siku zote. Wiki nzima nimekuwa nikiifungua ile kodiani na kuvikwangua kwa tupa vile vibati vyake vyembamba vya sauti, nikidhani vimegoma, kwa sababu nikibonyeza vitufe vitatu vya juu nasikia upepo tu.

Leo Mwalimu Eliza amekuja kutoka Soga kuichukua. Jumamosi anaipiga kwenye tamasha la kwaya. Wenzake wote watapiga kodiani za Ulaya. Hii nimeitengeneza mimi, kuanzia mbao hadi ngozi ya mvukuto.

Akaivaa, akapiga kidogo, akakunja uso.

"Samahani fundi, hizi sauti za juu zimepotoka kabisa. Zinachoma masikio."

"Zipi?"

"Si hizi?" Akabonyeza. Nikaona vidole vyake vinatembea. Nikasikia upepo tu.

Akanitazama. Akauliza polepole, "Baba, kwani husikii?"

Nikasema nasikia. Nikamwambia aiache, aje Ijumaa atakuta zimekaa sawa. Akanishukuru, akapanda bodaboda akaenda zake.

Mke wangu sijamwambia. Nianzie wapi? Makanisa yote ya huku yananiletea kodiani zao kwa ajili ya masikio haya. Na hii ya kwangu mwenyewe nimeiharibu kwa tupa, kidogo kidogo, huku nikijiona fundi.

Ijumaa atakuja, ananiamini. Nitazirekebisha kwa masikio ya nani?