Kamani ya Bwana Bado

Ufukoni mwa Ziwa Nyasa,
Juni, 1912

Kwa Tata yangu mpendwa, Yohana, Ngana.

Mugonile, Tata, wewe na Mama na wote wa nyumbani? Mimi mwanao Ambilikile nakusalimu kwa heshima ya mtoto asiyesahau alikotoka. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, kwamba mpunga umeingia ghalani kabla viboko wa Songwe hawajaugusa, na kwamba goti la Mama limepona hata anainuka bila kulisukuma kwa mkono. Afya yangu ni njema. Nakula samaki kila siku, na homa haijanigusa tangu mvua zikatike.

Namsalimu vilevile Mwalimu Ezra, ambaye najua ndiye anayekusomea maneno haya kwa sauti yake nzuri ya kanisani. Mwalimu, nakuomba kwa unyenyekevu usome kila neno. Usiruke mstari kwa kuona haya kwa niaba yangu. Mimi sioni haya.

Barua yako nimeipokea, Tata, nami niliisoma nikiwa nimesimama, kama inavyostahili neno la mzazi. Umeniagiza nimpigie magoti mkuu wa kituo na kumwomba radhi mbele ya watu, nisije nikapoteza kofia, viatu na safari ya Dar es Salaam niliyoahidiwa. Umeniuliza pia nina undugu gani na Mika, kijana wa Kikisi, mtoto wa watu wa vyungu, hata nimwage unga wangu kwa ajili yake. Swali lako ni la haki. Ila niruhusu kwanza nilieleze jambo lenyewe kwa utaratibu, maana nina hakika kwamba habari iliyofika Ngana ilifika ikichechemea.

Kazi niliyopewa kituoni, kama ujuavyo, ni ya msaidizi wa silaha. Fundi Mzungu aliporudishwa kwao kwa maradhi, kazi yake yote iliniangukia mimi, ingawa cheo kilibaki cha msaidizi. Bunduki za askari ni za kizamani na hazina maneno mengi. Lakini mkuu wa kituo ana bastola yake mwenyewe, ya aina mpya, inayojipakia yenyewe. Ukifyatua, kiungo cha chuma kilicho mgongoni mwake, ambacho Wajerumani wenyewe hukiita goti, hujikunja na kutema ganda la risasi, kisha hujinyoosha kikiwa kimeingiza risasi nyingine. Kinacholinyoosha goti hilo ni kamani, yaani uzi wa chuma uliojizungusha kama kikono cha mboga ya maboga kinapong'ang'ania mti. Bila kamani, Tata, bastola ile ni nyundo ndogo ya bei kubwa.

Basi kamani huchoka. Asiyejua husubiri ikatike. Aliyefundishwa huitazama mapema. Maganda yakianza kurukia mbali kuliko ilivyo kawaida yake, ujue haizuii tena kishindo. Goti likianza kusita kabla ya kufunga, hata likahitaji kusukumwa kwa dole gumba, ujue nguvu zimekwisha, limebaki jina. Hapo unaitoa, unaisimamisha mezani kando ya mpya, na ukiona imefupika huirudishi tena. Unaibadilisha siku hiyohiyo, ingali nzima, ingali inang'aa. Ile ya mkuu wa kituo ilichoka upesi kwa hewa ya ziwani, na kwa mazoea yake ya kufyatulia chupa kila amalizapo kula.

Nilimweleza haya yote kwa Kijerumani changu bora. Akanijibu kwa Kiswahili: "Bado."

Inafaa ujue kwamba ufuko mzima humwita Bwana Bado, kwa sababu katika Kiswahili chote alichojifunza hakuna neno alipendalo kuliko hilo. Daraja lililobebwa na mto? Bado. Paa la askari linalovuja? Bado. Mgonjwa aombaye kwenda kwao? Bado. Kamani mpya zilikuwamo kabatini, ndani ya kopo la mafuta, zimeletwa kutoka Ulaya kwa kazi hiyohiyo. Nilimwonyesha. Akasema kwamba chuma hakichoki, wachokao ni watu weusi, na maadamu ile ya zamani haijavunjika, bado. Baadaye nilirudia ombi langu, safari hii mbele ya askari wa zamu, nikajibiwa vilevile.

Ndipo alipofika mgeni, afisa mwenye cheo kikubwa kuliko chake, anayekagua vituo. Bwana Bado akampeleka Katumba Songwe kuwinda. Walimpiga mamba kwa bunduki, akalala juu ya tope kama gogo, na Bwana Bado akamsogelea ammalizie kwa bastola mgeni akitazama. Risasi ya kwanza ililia. Goti likajikunja, likaanza kunyooka, likasita. Mamba, ambaye kumbe hakuwa amekufa, alizungusha mkia mara moja, na bwana mkubwa akaenda chali matopeni na suti yake nyeupe. Kwa bahati mbaya akina mama wa Kikisi walikuwa wakipita na mitumbwi ya vyungu, wakienda sokoni. Mmoja wao, Neli, alisimama mtumbwini akapaza sauti: "Bwana, mwambie na mamba: bado!" Kicheko kilichofuata kiligonganisha vyungu. Mgeni naye alicheka, na nadhani hicho ndicho kilichochoma kuliko tope.

Mika ndiye aliyekuwa akiisafisha na kuibeba bastola ile. Mika ni mwana wa Neli. Jua halijageuka alikuwa amekwisha kufungwa kamba, akishtakiwa kwamba ametia mchanga ndani ya silaha ili bwana wake auawe na mamba. Adhabu ilitajwa mapema: viboko mbele ya soko, kisha mnyororo hadi pwani. Wewe mwenyewe, Tata, unawajua waliokwenda na mnyororo, na unajua wangapi umewasalimu tena.

Niliitwa niifungue bastola mbele ya mgeni na kueleza habari za mchanga. Njiani Bwana Bado alinishika bega na kuniita "fundi", jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia safari yangu ya Dar es Salaam inangoja neno lake tu. Sikufichi, Tata. Niliitaka safari ile. Naitaka hata sasa ninapoandika.

Nilitandaza kitambaa cheupe mezani, nikaifungua bastola kipande kwa kipande. Hakikudondoka kitu ila tone la mafuta. Nikasimamisha kamani mbili kando kwa kando, na ile ya zamani ilikuwa kama mzee aliyesimama karibu na mjukuu. Nikatia mpya: goti likafunga kwa mlio mmoja. Nikarudisha ya zamani: likasita. Mgeni akazijaribu zote mbili kwa mkono wake mwenyewe, mpya ikabaki ndani, akaguna, akaamuru Mika afunguliwe.

Bwana Bado akanigeukia. Alisema kwamba ikiwa kamani imechoka, basi mwenye dhamana ya silaha ndiye mzembe, na kwa maneno yangu mwenyewe nimejihukumu. Nilijibu kwamba niliomba kuibadilisha, nikaambiwa bado. Askari wa zamu pale mlangoni alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Mgeni akatazama saa yake, akasema chakula kinapoa.

Alipoondoka, nilipewa amri mbili. Ya kwanza, siku ya soko nipande juu ya kasha, nikiri kosa na kuomba radhi mbele ya watu, ndipo safari yangu iendelee. Ya pili, niirudishe kamani ya zamani ndani ya bastola na kuiacha humo, isije ikasemwa kwamba Mwafrika amemfundisha bwana mkubwa silaha yake.

Sasa nalijibu swali lako. Mimi na Mika hatuna undugu. Hata hatupatani sana: hula karanga zangu bila kuuliza, na huniita Bwana Kofia kwa sababu siivui hata jikoni. Lakini nilisomeshwa ili nione chuma kama kilivyo. Nikisema pana mchanga pale pasipo mchanga, wewe uliuza ng'ombe wako ili nijifunze nini?

Mwalimu Ezra, hapa punguza mwendo. Siku ya soko imekwisha kupita, na barua yenu ilinikuta nimekwisha kusema.

Tata, nilitii amri zote mbili. Nilipanda juu ya kasha nikiwa nimevaa kofia, nikasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyakyusa, asipitwe mtu. Nilikiri kwamba kamani ya bastola ya bwana mkubwa imechoka. Nilikiri kwamba baada ya risasi ya kwanza goti halifungi. Nilikiri kwamba nimeamriwa kuirudisha ileile, nami nimeirudisha, na kwamba sasa imo kiunoni mwake. Kwa hayo nikaomba radhi. Ndipo Neli, aliyeketi nyuma ya vyungu vyake, akauliza kwa upole kamani mpya itatiwa lini. Soko zima, tangu wauza samaki hadi wake za askari, likamjibu kwa neno moja. Mkono wa Bwana Bado ulikwenda kiunoni, ukaishia hapohapo.

Liko jambo moja sikulisema juu ya kasha. Nilipokuwa nikiirudisha ya zamani nilikuwa peke yangu, na kamani mpya ilikuwa kiganjani mwangu. Ningeweza kuiacha ndani, asingejua kamwe, na silaha yake ingekuwa nzima. Fundi mwema pengine angefanya hivyo. Mimi niliifuta, nikairudisha kwenye kopo la mafuta. Sasa akiibadilisha, amekiri kwamba nilisema kweli. Asipoibadilisha, ufuko mzima unajua.

Kofia, viatu na funguo nimevirudisha. Naandika miguu mitupu uani kwa Neli, ambaye amenipa nafasi kando ya tanuri lake, na tayari nimetengeneza majembe na ndoano za majirani. Wakinifuata, watanikuta kazini. Wasiponifuata, nakuomba kwa heshima unitengee mahali pa mvukuto nyuma ya migomba.

Msalimie Mama, na umwambie goti lake nitalitazama mwenyewe. Mwalimu Ezra akishaikunja karatasi hii atataka kujua kama mwanao amejuta. Mjibu kwa niaba yangu, Tata. Neno lenyewe unalijua.

Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi mwanao,
Ambilikile wa Yohana,
fundi, si msaidizi tena.