Picha ya Kichwa Ndani ya Pikapu ya Miraa

Alhamisi. Meru kumenyesha kutwa, ile mvua nyembamba isiyojua kuisha, na nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Acha nitoe ukweli hapa, kwa sababu kazini sitautoa.

Kazi yangu ni kupiga picha za skani hospitalini. Kupiga tu. Kusoma si kwangu. Picha zetu husomwa na daktari aliye India. Tunamtumia kwa mtandao, na baada ya nusu saa ripoti inarudi. Wagonjwa hudhani yuko mlango wa pili.

Leo saa nne asubuhi wameniletea Mama Kanana, mkulima wa viazi kutoka Kibirichia. Alikuwa juu ya lori wakipakia magunia, akateleza, akaangukia kichwa. Amefika akiongea vizuri, hata akanitania kwamba nimekonda. Nikampiga picha. Kwenye kioo nikaona damu imejikusanya upande wa kushoto, inasukuma ubongo.

Niliiona.

Kisha mtandao ukalala. Tukaambiwa kebo imekatika chini ya bahari, mbali huko, na nchi kadhaa zimezimika pamoja nasi. Aki, sisi watu wa mlimani, bahari inatuhusu nini? Kumbe inatuhusu sana. Daktari wetu wa upasuaji hapasui bila ripoti, na ripoti iko India.

Mutwiri, mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni na gambuti zake za shamba.

"Daktari, si wewe ndiye umeipiga? Tuambie tu unaona nini."

"Tungoje ripoti," nikamwambia.

Mwaka jana nilimwambia mgonjwa nilichokiona, nikaitwa ofisini, nikakumbushwa kwamba leseni hunyang'anywa. Tangu siku hiyo naogopa. Sina neno lingine, ni woga.

Saa sita Mama Kanana akaanza kutapika, na maneno yake yakawa hayashikani. Hapo ndipo nikakumbuka pikapu za miraa zinazotoka Maua, zinazokimbiza majani hayo ya kutafuna sokoni kabla hayajanyauka. Hakuna kitu hapa kwetu kinachozishinda mbio, na Embu iko njiani. Huko kuna daktari anayesoma picha. Nikampigia simu, akakubali. Nikatia picha kwenye diski, nikatoka mbio kwenye mvua hadi barabarani, nikapunga mikono yote miwili. Pikapu moja ikasimama, nikamweleza dereva diski ni ya nani na aifikishe wapi.

"Mgonjwa ni wa wapi?" dereva akauliza.

"Kibirichia."

Akaifunga diski kwa majani ya mgomba, vile wanavyofunga miraa, ili isivunjike. Akaondoka hata sijashukuru.

Saa nane na kitu simu ikalia. Daktari wa Embu akasema yale yale niliyoyaona asubuhi, karibu neno kwa neno. Daktari wetu akapewa ripoti hiyo ya simu, wakamwingiza Mama Kanana chumba cha upasuaji papo hapo.

Ametoka. Anapumua. Mkono wa kulia hausogei, na hajaweza kutamka jina la mwanawe. Daktari wa upasuaji anasema masaa yale ya kungoja ndiyo yamemuumiza.

Wote wameilaumu kebo, nami nimeitikia kwa kichwa. Lakini kutoka kwangu hadi kwa daktari wa upasuaji ni hatua thelathini, na asubuhi sikuzipiga kwenda kumwonyesha picha. Leo jioni nimezihesabu.

Nikiwa natoka, Mutwiri amenishika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mungu akubariki, daktari. Bila wewe tungempoteza."

Nikasema amina.