Mguu Uliopona

Rebero, Kigali
Desemba 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umeketi nje ya nyumba, kifua kimetulia, na Mama yuko karibu akikugombeza kuhusu dawa zako. Kahawa mmeshavuna? Mimi mwili ni mzima. Habari za moyo nitazifikia.

Nyumba ya shangazi, dada yako, niliiona kule Kimisagara. Kuta zipo, mabati hayapo, na watu wake ni kama tulivyosikia tukiwa huko Karagwe. Sitaandika zaidi, maana macho yako hayasomi tena na najua Mama ndiye anayekusomea.

Kazi nimepata, ila si ile niliyowaaga nayo. Nimepelekwa gerezani kufunga vidonda. Cheka kidogo, Baba: dresa kamzaa dresa. Waliokamatwa kwa mauaji wamejazana uani mpaka hakuna pa kulala wala pa kukaa. Wanasimama kwenye matope ya mvua, mchana na usiku, nyayo zinalainika, zinachubuka, kisha vidole vinaoza. Nina beseni moja, chumvi, dawa ya zambarau kidogo, na shuka kuukuu tunazochana vipande. Majirani wananiuliza kama sioni aibu kuwaosha miguu watu hao. Asubuhi nyingine nauchukia kila mguu unaowekwa mbele yangu, lakini naufunga vilevile, kwa sababu ulinifundisha kufunga kidonda kabla hujanifundisha kusoma.

Mmoja wao alikuwa mzee Gaspari, seremala wa hukohuko Kimisagara. Sikumuuliza kama alimjua shangazi. Niliogopa angejibu. Kisigino chake kilikuwa kimeoza, nikawa nakisafisha kila siku kama ulivyonionyesha, kutoka katikati kwenda nje, nikiondoa nyama iliyokufa kidogokidogo, mpaka kikajaa nyama nyekundu na ngozi ikafunga. Baba, hicho ndicho kidonda changu cha kwanza kupona humo ndani. Nilikaribia kuimba. Nilipoanza kufungua kitambaa, mzee akanishika mkono.

"Muganga, usitoe. Acha tu iko hivi."

Nilidhani anaogopa nzi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia pale zahanati, kwamba kidonda kilichopona kipewe hewa, na bendeji isifungwe pasipo kidonda, maana huo ni uongo na kuna mwingine anaihitaji. Nikakitoa, tena mbele ya watu, nikiwaonyesha kisigino kile kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Kesho yake malaria ikanilaza siku tisa. Kumbe humo ndani kuna sheria ambayo sikuijua. Kapita, yaani mfungwa anayewaamuru wenzake, alipanga kwamba mwenye kitambaa mguuni hukaa ukutani, na asiye nacho husimama. Jioni ileile niliyojisifu, Gaspari alitolewa ukutani. Niliporudi nilimkuta wenzake wamemshika kwapani asianguke, na mguu umekuwa mweusi hadi kwenye muundi. Hakunilaumu.

"Ile kitambaa ilikuwa kiti yangu," alisema. "Nilikuambia, muganga."

Alikufa siku ya pili yake, kabla hatujapata gari la kumpeleka akakatwe mguu. Nililia, Baba. Nimemlilia mtu ambaye sijui mikono yake ilifanya nini mwezi wa nne, na sijui radhi nikuombe wewe au shangazi.

Tangu hapo nayaona niliyokuwa siyaoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huku watu wanaficha kupona. Wanakwangua vidonda kwa kucha, wanavipaka matope, nami siku zote nilikuwa nawagombeza nikiwaona wajinga. Mjinga nilikuwa mimi.

Leo asubuhi wamebaki wawili mbele yangu na kitambaa kimoja. Mmoja mguu wake umepona kabisa, hata kovu limeanza kukauka. Mwenzake vidole vinatoka usaha. Kapita amesimama pembeni anaiangalia mikono yangu. Sikuwahi kutamani uwe karibu yangu kama wakati ule.

Mwambie Mama nguo zote kuukuu asizifanye matambara ya kudekia. Azifue, azianike juani, anitumie kwa mtu yeyote anayekuja huku. Dawa msijisumbue kutafuta. Nguo tu, hata mashuka yaliyotoboka.

Nisalimie dada mkubwa na cherehani yake, mjomba mwenye ng'ombe, na yule mama jirani anayewaletea maziwa. Shemeji mwambie sijapata kiwanja kule Masaka ya huku Kigali alikonituma nikaulize, na kusema kweli sijaenda kuuliza. Sijui kama nataka mtu yeyote wetu ajenge hapa kwa sasa.

Nimezungukazunguka kwa aibu, lakini sijawahi kukudanganya na wewe hukunilea hivyo. Kitambaa nilimfunga aliyepona, kwa sababu nilipomtazama nilimwona Gaspari. Yule mwenye usaha alingoja kidogo, akaona beseni namwaga, akasema "Murakoze, muganga", ndiyo asante yao, akaenda akichechemea kusimama na wenzake.

Mwanao,
Deo