Besi Niliyomchagulia Mwenzangu

Chumba cha nyuma ya karakana ya mbao,
Jumatatu mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na baridi ya huko, umeizoea au bado mnagombana? Mimi mwili mzima, ila moyo umenivunjika vibaya.

Lile gitaa la besi nililokusifia, la bei nafuu kutoka ng'ambo, limeniponza. Nilipumbazwa na rangi. Mvua zilipoanza shingo ikapinda, nyuzi zikapaa hata kuzibonyeza ikawa kama kubeba magunia. Vile vichuma vya shingoni havikupigwa msasa pembeni, vikanichana vidole. Halafu kwenye harusi, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia, tundu la kuchomekea waya wa spika likang'oka, likatumbukia ndani ya gitaa. Kimya. Ukumbi mzima ukanigeukia.

Kipara, kiongozi wa bendi yetu, hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema tu, "Tafuta besi ya maana, bendi itanunua. Wewe ni mtu wetu."

Nikazunguka maduka yote. Nikafanya ulivyonifundisha: nafumba jicho moja naitazama shingo kama mtu anayelenga shabaha, napitisha kiganja pembeni nisikie kama inachana, nabonyeza kila uzi kutoka juu hadi chini, nageuza vitufe nisikilize kama vinakoroma. Muuzaji mmoja akachoka nami. "Kaka, unanunua gitaa au unaposa?" Nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Mwishowe nikalipata. Rangi kama matope, hakuna anayelitaka. Lakini shingo imenyooka, pale inapoungana na mwili hapapiti hata ukucha, na sauti inakaa, haifi upesi. Nikamsihi muuzaji aliweke kando, nikakimbilia kwa Kipara.

Nikamkuta na jamaa mgeni. Kipara akainamisha macho. "Ndugu yangu, huyu ndiye atakayepiga besi. Tangu ile harusi wenye kumbi hawakutaki, nimewabembeleza nimeshindwa. Ila huyu mwenzako hajui kuchagua chombo. Msindikize dukani, tafadhali."

Nikamsindikiza, Mjomba. Njiani niliazimia kumpa gitaa bovu kuliko yote. Tulipofika dukani nikalitoa kabisa, linang'aa kama kioo, nikamwambia, "Chukua hili." Akalipapasa kwa furaha. Nikaviona vidole vyake, havina mchubuko hata mmoja. Nikamnyang'anya. Nikamkabidhi lile la matope.

Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Tangu siku hiyo sitoki ndani. Kazi nyingine siijui, wala sijui nianzie wapi kujifunza. Nipigie simu, Mjomba, hata kama huna la kuniambia. Naogopa kubaki peke yangu na mawazo haya.

Dada yako anakusalimu sana. Mama wa watu anadhani nina mafua, ananichemshia maji kila saa. Msalimie mkaza mjomba na wale mapacha wako. Mungu awafunike huko mliko, na mimi anikumbuke huku.

Ni mimi nikupendaye,
Mpwa wako.