Nyasi Juu ya Matuta

12 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, nakula, nalala, naenda maabara kupima udongo wa watu.

Kuna sauti haijanitoka: ufagio wako asubuhi ile baada ya mazishi ya baba. Wageni walikuwa bado wamelala, nawe uko bustanini unafagia kati ya nyanya, kwaru, kwaru, mpaka ardhi ikabaki tupu kama sakafu. Nilisikiliza nikiwa chali kitandani. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na sijui namngoja nani aniambie nianze.

Naomba uache kufagia bustani. Jua linaikausha. Kata nyasi kavu zisizo na mbegu, utandaze juu ya matuta, unene wa kiganja, ila zisiguse mashina. Chini yake tia samadi iliyooza vizuri. Ile mbolea ya dukani, kizibo kimoja cha soda kwa kila shina, kando kidogo. Mwezi wa tano nitumie udongo niupime.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanitangazia mvua ambayo haiji. Nimetandaza kama ulivyosema. Majirani wananiuliza nimefuga ng'ombe gani asiyeonekana, maana malisho yake wanayaona. Miaka yote mwanamke mchapakazi anajulikana kwa bustani safi. Leo mtoto niliyemsomesha ananiambia niichafue. Haya, daktari wa udongo. Nawe ule ushibe, usiwe unaonja tu.

Mama yako

6 Mei

Mwanangu,

Sijambo, nawe uwe hivyo. Udongo wako huo, nimeufunga kwenye mfuko wa sukari. Nyasi zipo, nyanya zinapendeza. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako

15 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi. Nikajiuliza kama unaumwa. Halafu nikapima udongo. Kwenye chekecheke zilibaki chembe nyeusi, nikazisaga kwa vidole: majivu ya nyasi.

Umezichoma. Sijakasirika. Nilijaribu kukasirika, haikuja. Niambie tu kilichotokea.

Mwanao

24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Afya ni ile ile. Kumbe huko mnapima hadi uongo.

Baba yako mdogo alikuja na wazee wawili. Akasimama kwenye nyasi, akasema, "Shemeji, tangu ndugu yangu aondoke umeiacha bustani iwe pori." Nikamwambia ni maarifa ya mtoto, ameyasomea. Akacheka: "Amesomea uvivu?" Wazee nao wakacheka. Walipotoka nilizikusanya zote nikazitia kiberiti. Nyanya hazikumaliza wiki mbili kwa jua lile.

Sasa anasema kiwanja apewe mwanawe, kwa kuwa hapa hakuna damu ya ndugu yake inayolima. Watakuja kupima Jumamosi ya kwanza ya Juni. Sitaki kuwepo, nakwenda kwa dada yangu. Usimwandikie maneno makali, ni baba yako yule.

Mama yako

8 Juni

Mama,

Shikamoo, na mama mkubwa naye umpe shikamoo yangu. Naandika nikiwa kwenye meza yako ya jikoni.

Jumamosi walinikuta bustanini. Tangu Jumatano nilikuwa nakata nyasi. Matuta manne yalikuwa yamefunikwa. Baba mdogo aliniangalia, kamba ya kupimia mkononi.

"Msomi, kitanda hicho unamtandikia nani?"

"Kabichi. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Likizo inaisha lini?"

"Sina likizo. Naishi hapa."

Akawageukia wale wazee. Hakuna aliyecheka. Nikamwambia bustani yote niliimwagilia Alhamisi, ashike mwenyewe. Tuta lililo wazi lilikuwa limekauka, linapukutika. Kisha nikafunua nyasi, akaingiza vidole chini yake. Alivikawiza huko zaidi ya ilivyohitajika.

"Ndugu yangu hakuwahi kulima hivi," akasema.

"Hakuwahi."

"Msimu mmoja. Nikikuta pori, napima." Akaviringa kamba, wakaondoka.

Nilidhani ningefurahi, au ningetetemeka. Nilichukua ndoo nikaendelea na tuta la tano.

Usikimbilie kurudi, pumzisha goti. Najua utasema nimetupa shule yangu, na huenda ni kweli; sikukuuliza kwa sababu ungenikataza. Jumatatu ya wiki iliyopita nilikabidhi koti jeupe na funguo za maabara, na meza yangu ameshapewa mwingine. Vitu vyangu viko chumba cha nyuma.

Mwanao