Waliniombea Nisiogope Maji

Jumatatu, Cedar Hill, nje kidogo ya Dallas. Ni saa nne asubuhi na jua tayari linachoma lami ya mbele ya nyumba. Hakuna upepo hata kidogo. Ngozi ya mabega yangu inabambuka kwa sababu ya jua la juzi, na moyo nao haujatulia.

Nimekasirika. Naandika hivyo kwanza ili nisije nikajificha nyuma ya maneno mazuri.

Tangu Januari mimi na Kendi tulikuwa na orodha. Kendi ni binamu yangu wa Houston, binti wa dada mkubwa wa Mama. Ana miaka kumi na saba, mimi nina kumi na tano. Sina dada wa kuzaliwa naye, kwa hiyo nikimwita dada sisemi kwa adabu tu. Kila Jumapili baada ya kanisa tulipigiana simu kupanga michezo ya majini tutakayojaribu familia zetu zikienda likizo Galveston, kisiwa kilicho karibu na kwao.

Wa kwanza ulikuwa kayaki ya watu wawili. Kisha ule ubao mpana ambao unasimama juu yake na kupiga kafi. Kisha boti ya ndizi, lile puto refu la manjano linalovutwa na boti ya injini mpaka watu wanaanguka wakicheka. Kendi akaongeza wake: kufungwa kwenye mwavuli mkubwa na kuvutwa na boti hadi unapaa juu ya bahari. Kando ya huo niliweka alama ya kuuliza. Kuchungulia samaki kwa miwani na mrija tulikufuta, kwa sababu maji ya Galveston yana rangi ya chai ya maziwa na huoni hata vidole vyako vya miguu.

Tulikubaliana pia kwamba kila mmoja ajifunze kuogelea kwanza. Mimi nilikwenda kwenye bwawa la mji hapa kila Jumanne na Alhamisi. Mwezi wa kwanza nilikunywa maji kuliko nilivyoogelea. Polepole nikajua kuelea chali, kupumua kwa upande, na kuanguka bila kukaza mwili. Mwezi uliopita mwalimu alisema niko tayari kwa kozi ya waokoaji vijana inayoanza wiki ijayo, na sasa fomu inangoja saini ya Mama tu. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka kozi hiyo.

Mama ni muuguzi wa zamu za usiku. Alikuwa akinipeleka bwawani, kisha analala kidogo ndani ya gari mpaka nitoke. Hajawahi kuniona majini.

Kendi naye alinisimulia masomo yake: mwalimu mkali, siku aliyovuka bwawa zima bila kusimama. Nilimwamini. Nilimwonea hata wivu.

Jumamosi tukafika kisiwani. Upande wa ghuba, ambako maji yametulia, kuna kibanda cha kukodisha kayaki. Mama na Auntie Lucy, mamake Kendi, walibaki chini ya hema wakiwasha mkaa. Mwanamke wa kibandani, mwenye pua iliyoiva kwa jua, alitugawia majaketi ya kuelea na kutueleza sharti moja. Kabla hatujavaa majaketi, kila mmoja aogelee mpaka kwenye kamba ya maboya na kurudi. Ndipo atatukabidhi kayaki. Kwenda kwenye kamba ni kama hatua thelathini tu.

Nikaanza kufunga nywele. Kendi akasema, "Ngoja kidogo, nakuja."

Nilidhani amekwenda kuchukua mafuta ya jua.

Alirudi na Mama na Auntie. Kabla sijauliza chochote, mkono wake ulikuwa begani kwangu.

"Makena anaogopa," akasema. "Ame-panic kabisa. Anaona tu haya kuwaambia."

Nilimtazama usoni, maana Kendi ni mtu wa utani. Hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kamba ya maboya, na hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amejifunza kuogelea.

"Wewe basi nenda," Auntie akamwambia. "Usikose raha yako kwa ajili ya huyu."

"Aai, Mum, siwezi kumwacha. Tulisema ni sisi wawili."

"Umeona?" Auntie akanigeukia. "Umeona dada yako anavyokupenda?"

Mama akachukua jaketi mkononi mwangu taratibu, kama anavyonipokea begi nikiwa mgonjwa. "Sawa, mami," akasema, jina analoniita akinibembeleza. "Pole. Uoga si dhambi."

Ningeweza kusema. Mdomo niliufungua. Lakini nimelelewa kutomjibu mkubwa mbele za watu na, nakiri, nilikuwa na matumaini pia. Nilifikiri Kendi atajirekebisha mwenyewe baada ya dakika tano. Dakika tano zikapita, nikafikiri atasema wakati wa chakula.

Wakati wa chakula Auntie aliomba. Auntie haombi kwa kifupi. Alibariki nyama, akabariki safari, akabariki mikono iliyochoma, kisha nikasikia kiganja chake kikitua kichwani kwangu, kikinuka kitunguu na ndimu.

"Baba, tunamleta Makena mbele zako. Hii roho ya uoga tunaikemea! Wewe uliyetembea juu ya maji, mtoe mtoto huyu kwenye hofu ya maji."

"Amina," akasema Mama kwa sauti ya chini.

"Amina!" akasema Kendi.

Ya Kendi ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Sijui kama kuna watu wengi waliowahi kuombewa ugonjwa wa mtu mwingine. Nilikuwa na hasira, na papo hapo nikawaza kama ni dhambi kukasirika katikati ya maombi. Nikasema amina na mimi. Kachumbari ikapitishwa.

Mchana wote sikuingia zaidi ya magotini. Kayaki yetu walipewa baba mmoja na bintiye. Yule binti alipiga kafi upande mmoja tu, kwa hiyo wakawa wanazunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa, huku wakicheka. Nilijua kosa lake. Ningeweza kumrekebisha.

Nilimpata Kendi peke yake kwenye mabomba ya kuoshea mchanga.

"Kwa nini?"

"Please, Makena. Niliacha baada ya siku ya pili. Darasa lote lilikuwa watoto wa miaka saba, mimi peke yangu kama twiga. Walinicheka."

"Ungeniambia."

"Mum ameshaambia kanisa lote ninaogelea. Wewe ni mdogo, hakuna atakayekumbuka."

Akanikumbatia akiwa amelowa maji ya bomba, akasema asante, kana kwamba nimempa kitu.

Sikumpa. Alichukua.

Jana tulirudi Dallas. Tulikuwa karibu na mji wa Corsicana Mama alipopunguza sauti ya redio. "Ile kozi ya waokoaji tuiache kwanza," akasema. "Sitaki ulazimike kufanya kitu kinachokutisha." Alisema kwa upole mno. Angenigombeza ningejua pa kushika. Nikaangalia malori mpaka nyumbani.

Jana jioni alikwenda kazini. Leo alirudi, akaketi jikoni na chai yake hata kabla ya kuvua viatu. Nikasema kabla ujasiri haujaniishia.

"Mama, mimi sikuogopa."

"Mami, nilikuwa pale. Niliona."

"Ulimwona Kendi akisema. Mimi hukuniona nikisema."

Akauliza, "Ina maana Kendi hajui kuogelea?"

Sikujibu. Mama amewauliza wagonjwa maswali miaka mingi. Anajua kusoma kimya.

"Mbona hukusema palepale?"

"Ulinifundisha nisimjibu mkubwa mbele za watu."

Aliweka kikombe chini. Alivua kiatu kimoja, akakiweka kando ya kiti.

"Hilo ni kosa langu," akasema. "Kesho sitalala kwenye gari. Nitaingia nikae kwenye benchi nikuone. Na dada yangu nitampigia nikiamka."

"Mama, tafadhali usimpigie. Kendi ataaibika."

"Makena. Mtoto hajui kuogelea na kila mtu anaamini anajua. Unajua watoto kama hao huletwa wapi? Huletwa kwangu."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Tangu Jumamosi nimekuwa nikiwaza jina langu tu.

Sasa Mama amelala na mapazia yamefungwa. Nilidhani nikishasema ukweli nitajisikia mwepesi. Badala yake naona picha ya Kendi akiwa amesimama kwenye kina kifupi na watoto wa miaka saba, na bado nina hasira naye, na vyote viwili vinakaa pamoja bila kusukumana. Je, mtu anaweza kuwa amesalitiwa na kuwa msaliti ndani ya siku mbili? Yeye ataona hivyo. Pengine hatanipigia Jumapili hii wala ile nyingine, nami nitaikosa sauti yake kuliko nilivyoikosa kayaki.

Simu imelia nikiwa naandika. Ni ujumbe wake, neno moja: "Umesema?"

Sitamwandikia kwamba Mama alinibana. Hakunibana. Nikimaliza mstari huu nitamjibu na mimi kwa neno moja.

Nimesema.